Lenzi za macho, udhu na maji ya mfereji

Huna haja ya kuvua lenzi kila unapotia udhu. Kuosha uso hakudai maji yaingie ndani ya jicho: fumba macho, osha, kisha futa kope kwa kitambaa kikavu kabla hujafumbua. Anayezivua na kuzirudisha kila sala ndiye anayejitafutia balaa, maana huzishika kwa vidole vilivyorowa na huziweka popote, hata kwenye kifuniko cha chupa.

Maji yoyote ni adui wa lenzi, yawe ya mfereji, ya kisima, ya tangi juu ya paa, ya chupa ya dukani au ya bahari. Lenzi laini hunyonya. Ikiingia maji matamu huvimba na kugandia konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na unapoibandua unaichubua. Ndani ya maji hayo huweza kuwamo amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Acanthamoeba, ambaye hujificha nyuma ya lenzi na kupenyea kwenye mchubuko. Akishaingia hujifungia katika gamba gumu, dawa zikampata kwa shida. Tiba yake ni ya miezi. Kwa hiyo josho, liwe la kawaida au la janaba, na kuogelea Nungwi pia, lenzi zitoke kwanza. Maji ya chumvi uliyokoroga nyumbani ya kuzisafishia hayaui vijidudu. Mate ndiyo kabisa!

Kabla ya kuzishika, osha mikono kwa sabuni na uikaushe. Taulo la manyoya huacha nyuzi; kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa kinafaa zaidi. Iweke lenzi ncha ya kidole uitazame kwa ubavu: ikikaa kama bakuli, vaa, kingo zikitanuka kama sahani, imegeuka. Ukiwa umeshika pilipili, hayo ni mambo mengine, kwani ukali wake hauondoki kwa kunawa mara moja. Wanja utiwe baada ya lenzi kuvaliwa, tena nje ya kope tu. Jioni lenzi hutangulia kutoka, wanja hufuata.

Usiku kila lenzi isugue kiganjani kwa dawa yake ya kusafishia, kama sekunde 20 kila upande, isuuze kwa dawa hiyo hiyo, halafu ilaze kwenye dawa mpya kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ya jana imwagwe yote. Kuijazia ni kuidhoofisha. Asubuhi kikasha kisuuzwe kwa dawa, kipinduliwe kikauke, na kisiwekwe chooni penye unyevu. Kibadilishe kila miezi 3. Kulala nazo hapana, hata usingizi wa adhuhuri.

Za rangi za kumpambia biharusi nazo ni lenzi, si kipodozi. Jicho lina mzingo wake. Lenzi isiyopimwa ikibana, konea hukosa hewa. Kuazimana ndiko kupeana maradhi.

Jicho likiwa jekundu, likauma, likakimbia mwanga au likaona ukungu, vua lenzi na uende kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Usilifunge kwa bandeji, wala usinunue matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kukisia, kwani huupa ugonjwa nafasi ya kuenea. Lenzi na kikasha chake vichukue bila ya kuviosha, ili maabara ikihitaji ipate kutafuta kijidudu humo.