Kabla ya Tamasha, Stoo

Vikundi vya sanaa vya Nairobi vikiamua kushirikiana, mara nyingi huanza na tamasha. Jina hutafutwa, nembo ikachorwa, kamati ikateuliwa na fulana zikachapishwa. Jumatatu kila kundi hurudi kwake na deni lake la spika za kukodi. Mimi naamini ushirikiano uanzie kwenye vitu ambavyo kila kundi hukodi peke yake mwaka mzima: spika, maikrofoni, taa, pazia, mikeka, waya.

Tuseme vikundi ni vinne. Wapiga ngoma wa Kaloleni wana ngoma nzuri lakini hawana hata spika moja. Waigizaji wa Makadara wana pazia jeusi na taa mbili. Wachoraji wa Buruburu wana mbao za kutundikia picha lakini hawana mwanga wa kuziangazia, na wanasarakasi wa Mathare wana mikeka pamoja na spika mbili. Ukiviorodhesha vitu hivi kwenye karatasi moja utaona kwamba karibu kila anachokodi mmoja kimelala chini ya kitanda cha mwingine.

Wazo hili si geni. Mwaka 2022 maonyesho ya sanaa ya documenta huko Kassel, Ujerumani, yalisimamiwa na kundi la ruangrupa kutoka Jakarta, nao waliyajenga juu ya neno lumbung, yaani ghala ambamo wanakijiji huweka pamoja mpunga uliozidi. Miongoni mwa walioalikwa walikuwa Wajukuu Art Project kutoka Lunga Lunga, Mukuru, na mwaka huohuo wakapata Tuzo ya Arnold Bode, yenye jina la mwanzilishi wa documenta. Ghala hilo kwa lugha yetu ya kila siku ni stoo tu, na haihitaji mfadhili.

Stoo yenyewe ni chumba kimoja kikavu chenye mlango wa chuma, rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mafuriko ya Aprili, na funguo mbili zinazoshikwa na watu wa vikundi tofauti. Kosa kubwa hapa ni kuchanganya umiliki. Spika za wanasarakasi zibaki zao, stoo iwe inaazima tu. Vikundi huvunjika na watu huhama, na mali isiyo na mwenyewe ndiyo huleta ugomvi usiosuluhishika. Kila kundi lichague rangi ya utepe na kuuzungusha kwenye kila kifaa chake. Waya utiwe utepe ncha zote mbili, maana usiku wa kufungasha huonekana ncha moja tu.

Halafu kaunta buku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na stoo ya sanaa inalithibitisha kila wiki. Safu sita zinatosha: tarehe, kifaa, aliyechukua, hali kilipotoka, hali kiliporudi, sahihi. Safu ya hali ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye thamani. Andika “koni ya kushoto inakwaruza”, usiandike “sawa”.

Kinachoharibika zaidi ni waya. Mtu akimaliza onyesho huuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, tena kwa haraka. Kila mzunguko wa namna hiyo huusokota waya ndani ya ganda lake, na baada ya miezi michache nyuzi za shaba hukatika karibu na plagi, mahali pasipoonekana. Kisha onyesho likiwa katikati, sauti inakatika na kurudi, na lawama anaangushiwa fundi wa mixa. Fundisha kila mtu kukunja waya kwa kufuata mkunjo wake wenyewe: mzunguko mmoja wa kawaida, unaofuata unageuzwa kwa ndani, kwa kupokezana, halafu ufungwe kwa kamba fupi. Ni somo la dakika kumi, na huokoa pesa kuliko somo lolote la uongozi.

Jambo la pili ni stima. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 240 hutoa takriban wati 3,100, na katika kumbi nyingi za zamani soketi za upande mmoja wa ukuta hutegemea swichi moja ya kwenye bodi ya stima. Taa mbili za halojeni za wati 1,000 kila moja, amplifaya, na birika la umeme la mama wa chai vikiwashwa pamoja, ukumbi wote unaingia giza. Kabla ya siku yenyewe, tafuta soketi zipi zinazima kwa swichi ipi, uandike kwa chaki. Sauti ipate laini yake, taa laini nyingine; zikichanganywa, mara nyingi spika huanza kuvuma. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunguliwe yote, hata kama unahitaji mita tano tu. Ikiachwa imejikunja huku imebeba mzigo mkubwa, joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka. Taa za LED hupunguza shida hii sana, kwa hiyo pesa ya kwanza ya pamoja ningeiweka huko.

Kalenda ya maonyesho ni fupi kuieleza na ngumu kuilinda. Iwe ya miezi mitatu mbele na mlinzi wake awe mmoja. Jina likiandikwa bila malipo ya kushikilia, tarehe bado ni ya yeyote. Angalia likizo za shule, mvua za Machi hadi Mei, na wiki ya mshahara, kwa sababu mzazi wa Jericho hanunui tiketi tarehe 20. Onyesho la mtaani lianze saa tisa alasiri. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mwenye watoto anataka kuwa kwake kabla ya giza.

Vibali visiachwe hadi wiki ya mwisho. Msafara wa ngoma barabarani unahitaji taarifa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na sheria huutaka uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na hapo kiwango cha sauti kinachoruhusiwa hushuka. Ukipiga nyimbo za wengine, leseni itoke kwa shirika la mirabaha lililoidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki mwaka huo, kwa hiyo uliza upya kila Januari.

Sasa pesa, ambapo urafiki hupimwa. Akaunti iwe ya kundi moja lenye cheti cha usajili, waweka sahihi watatu kutoka vikundi tofauti, na namba moja ya till mlangoni. Tuseme mlango umeingiza shilingi 74,000. Toa gharama zilizokubaliwa mapema, za ukumbi, pikapu, leseni, mlinzi na chakula: 32,000. Zinabaki 42,000. Asilimia kumi, yaani 4,200, ziende kwenye stoo kwa ukarabati. Zilizobaki 37,800 gawanya kwa vichwa vilivyofanya kazi: wapiga ngoma 12, waigizaji 10, wanasarakasi 8, wachoraji 4, na wawili wa sauti na taa. Ni watu 36, kila mmoja 1,050. Kugawa sawa kwa vikundi vinne kunasikika vizuri kikaoni, lakini mchoraji angeondoka na mara tatu ya mpiga ngoma, na msimu ujao ngoma haiji. Wachoraji nao wasisahauliwe kwa kuwa usiku wa onyesho hawako jukwaani. Mandhari ilichorwa wiki nzima kabla. Hesabu isomwe kwa sauti usiku huohuo, watu wakiwa bado ukumbini.

Jumatatu saa nne vifaa virudi stoo, na wawili waliotajwa majina wavipokee. Kila waya uchomekwe kwenye maikrofoni na kutikiswa karibu na plagi. Ukikwaruza, funga utepe mwekundu, uandike kwenye kaunta buku, na uutundike kwenye msumari wa vibovu. Usirudishwe kwenye rafu hata kama aliyeuleta anaapa kwamba Jumamosi ulikuwa unafanya kazi.