Kijivu cha Gravelines kwa nukta za rangi

Aliyekulia Tanga akihamia kaskazini mwa Ufaransa huilalamikia bahari kwanza. Kati ya Calais na Dunkerque maji ni ya kijivu sehemu kubwa ya mwaka. Ndugu zangu nikiwatumia picha huuliza kama mvua inataka kunyesha.

Aliyenifanya niipende bahari hii ni mchoraji Mfaransa Georges Seurat. Kiangazi cha 1890 alikuja Gravelines, mto Aa unapoingia baharini, akauchora mfereji wake katika picha nne za rangi za mafuta, nukta kwa nukta. Machi 1891 akafariki, ana miaka 31 tu.

Nami nauchora mfereji huohuo kwa njia yake. Kijivu sikipati kwa kukoroga nyeusi na nyeupe. Naweka nukta za samawati, kando yake za chungwa iliyopaushwa, kila moja peke yake. Nikirudi nyuma hatua kadhaa, macho yanazichanganya yenyewe na kijivu kinatokea, tena kijivu kinachopumua. Samawati na chungwa ni rangi pinzani: zikikaa jirani, kila moja humkoleza mwenzake. Mkemia Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, aliyaandika hayo mwaka 1839. Ukubwa wa nukta ndio mtihani. Zikiwa kubwa zinabishana, zikiwa ndogo zinayeyuka, na bahari inataka zote mbili.

Halafu rangi ya mafuta haikauki upesi. Nukta mbichi juu ya mbichi ni tope. Basi tabaka moja, turubai naiegemeza ukutani siku kadhaa, ndipo narudi na rangi nyingine. Rangi iwe nzito, mafuta yasizidi.

Watu wa nyumbani hunitajia Tingatinga, na kweli Edward Saidi Tingatinga alipamba wanyama wake kwa nukta, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli. Naziheshimu sana kazi zile. Ila kule nukta ni pambo, inataka ionekane. Hapa inafanya kazi ikijificha.

Mlioko London, kuingia jumba la sanaa la National Gallery ni bure, na picha moja kati ya zile nne ni mali yao. Mkiikuta ukutani, isogeleeni mpaka mchanga wa pichani upotee, zibaki nukta tupu, kisha rudini nyuma polepole.