Viatu vya hoki ya barafu: jinsi nilivyotuliza kisigino

Nilivinunua mitumba soko la Gikomba, Nairobi, namba 9 kama viatu vyangu vya kila siku, nikafurahi kama mtoto. Barafuni mambo yakaharibika: kisigino kinapanda na kushuka, kifundo kinalalia ndani, na baada ya dakika 15 vidole vimekufa ganzi.

Nikaongeza soksi ya pili, ikawa mbaya zaidi. Nikakaza kamba mpaka vidole vya mikono vikawa vyekundu, ganzi ikaja mapema.

Kumbe viatu hivi, kwa namba za Marekani, huvaliwa vidogo kuliko vya kutembelea, kwa kawaida namba moja hadi moja na nusu. Nikarudi Gikomba, mama muuzaji akacheka, tukabadilishana kwa 8 nikiongeza kidogo.

Lakini kilichomaliza kazi ni kitu kidogo. Nikiwa nimekaa, kabla ya kugusa kamba, nainua ncha ya kiatu na kugonga kisigino sakafuni mara tatu, chuma cha kutelezea kilicho chini ya kiatu kikiwa na kifuniko chake, mpaka kisigino kikae kabisa nyuma. Hapo ndipo nafunga: vidoleni kwa ulegevu, kwenye kona ya kifundo nakaza kwelikweli, juu kiasi tu goti liweze kukunjika. Soksi moja nyembamba. Nikisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo. Nikikunja magoti vinarudi nyuma.

Jumamosi nimeteleza saa nzima. Kusimama bila kugonga ukuta bado najifunza.