I au WA

Leo Jumatatu, saa nne usiku, insha za kidato cha tatu zimeanikwa kwenye kamba ya nguo sebuleni, Mama K kaenda kulala kanuna. Za insha nitafika, ila kwanza nitoe hili lililonikaa kooni tangu Jumanne.

Ile bia yangu mnaijua. Jina siandiki, wanaonifahamu wanalijua na wasionifahamu hata wakilijua hawaipati tena. Niliwaambia mwezi wa tano kwamba imeanza kuadimika, mara ipo Nzega, Tabora mjini haipo, mara kreti moja imeonekana duka la jumla kule Ng'ambo nikaifuata na bodaboda kama mtu anayewahisha mgonjwa hospitali ya Kitete. Sasa ndio basi, mwenye duka kasema kiwandani hawapiki tena. Nikamrudishia chupa tupu, akazipokea bila hata kuangalia, chupa za kahawia za nusu lita zote kwake ni moja. Nikabaki na moja tu, ile Mama K anayowekea asali.

Sasa Jumanne nilipita baa yetu Isevya. Nikajua haipo, ila mazoea nayo ni ugonjwa. Mhudumu ni binti mgeni, hana hata wiki mbili pale, anafuta meza na kitambaa kibichi huku anaangalia simu.

"Dada, niletee ile yangu, ya moto."

"Ipi baba?"

Nikaitaja.

"Aaa, hiyo walikuwa wanakunywa wazee baba, ...meisha. Kabisa."

Hapo kwenye nukta ndipo ninapofia. Spika iko juu ya kichwa changu, singeli inakimbia kama imeibiwa, silabi ya kwanza sikuisikia. Alisema imeisha au alisema wameisha?

Mie mwalimu wa Kiswahili, huu ni mwaka wangu wa 22 nafundisha ngeli, nimechapa watu (zamani hizo) kwa kuandika "gari limeharibika" na "gari imeharibika" kwenye aya moja, leo kiambishi kimoja kinaninyima usingizi. Tuseme ni imeisha, ngeli ya I-ZI, bia imeisha, sawa, hilo nalijua. Lakini sasa wazee kawaingiza wa nini? Kama ni wameisha, yaani wanywaji, yaani wamekufa wote wamezikwa, mbona ananiambia mimi niliyekaa mbele yake nimeshika glasi? Au hakuniona ni mmoja wao? Au aliniona? Maana na ile "ya moto" niliyoagiza, siku hizi nani anaagiza bia ya moto kama si mtu aliyeanza kunywa kabla baa haijawa na friji. Na ile "kabisa". Bia huwezi kuiambia kabisa. Bia ikiisha imeisha. Kabisa ni ya watu.

Nilimuuliza shemeji, alikuwa pembeni yangu. Kasema hakusikia, alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Nikamuuliza tena Jumatano, akaniambia "shemeji, kunywa Safari ulale." Nina miaka 47 jamani.

Wiki hii mkuu wa shule kahamishwa, dada yake Mama K kajifungua mapacha Urambo na upepo umeondoka na bati tatu za jikoni, lakini mie nilikuwa na kiambishi.

Basi nikaanza kutafuta mbadala. Safari asilimia 5.5, inanipiga kisogoni, chupa ya pili nimeshaanza kumsimulia mtu nisiyemjua habari za likizo bila malipo. Kilimanjaro ni 4.5, nyepesi, haina neno, ila ndio hivyo, haina neno, unamaliza hukumbuki ulikuwa unakunywa nini. Ndovu chupa ndogo, nzuri, ila unajiona kama uko kwenye harusi ya mtu. Castle Lite hiyo tuwaachie. Serengeti nilikunywa mbili Alhamisi na kwa kweli ilikaribia, ule uchungu wa mwisho upo, sema unaondoka mapema. Balimi sikuijaribu kwanza, ushamba tu, nikaona ni bia ya watu wa Mwanza, wakati neno lenyewe ni wakulima na hata kwetu Unyamwezini tunalisikia hivyo hivyo. Halafu nikamkumbuka baba mdogo, Mungu amrehemu, alivyoililia Kibo Gold ya Moshi miaka ile ilipotoweka, anaonja kila chupa anarudisha mezani anatikisa kichwa, na mie kijana nacheka hadi naegemea ukuta. Nilimcheka sana yule mzee.

(Mzee. Umeona.)

Jumamosi tukaenda Sikonge na shemeji kumsalimia bibi yao. Nilibeba insha 43 nisahihishe huko, na ile chupa ya kahawia, Mama K aliosha akasema nimletee asali, nyingine ilishaingia sisimizi.

Bibi kanipokea na salamu yake ya mwangaluka mlangoni, "mume wangu, mke mwenzangu hajambo?", nikakaa kwenye kigoda, akaniletea wanzuki, pombe ya asali, kwenye kikombe cha bati. Wanzuki nimekunywa zamani, nilipokuwa chuo, kwenye kilabu, ile ya sukari iliyochorwa asali kwa mbali. Hii sio ile. Kwanza ilikuwa bado inaongea, ukiweka sikio kwenye kikombe unasikia inachemka kidogo kidogo ssss. Rangi ya chai iliyokosa majani, vipande vidogo vya sega vinaelea, nikavipuliza pembeni. Utamu unakuja mwanzo, halafu unakatika ghafla unabaki uchungu, uchungu kabisa wa asali ya miombo, mwembamba, umekaa nyuma ya ulimi pale pale. Pale pale! Nikashusha kikombe nikamwangalia shemeji, naye ananiangalia kama mtu anayesubiri matokeo.

Bibi anaipika mwenyewe, maji ya uvuguvugu, asali na masega yake, chachu ya chungu kilichopita, anakaa nayo karibu na jiko. Nikamuuliza inakaa siku ngapi. "Kunywa leo. Keshokutwa siki hiyo." Nikawaza ile yangu ya kiwandani, maana mwalimu wa kemia aliwahi kunieleza kwamba lager ni neno la Kijerumani, kuweka ghalani, chachu yake inafanya kazi kwenye baridi taratibu na bia inalazwa huko wiki na wiki kabla ya chupa. Wajerumani walituachia boma, mwaka 1912 reli yao ikafika Tabora, na bia ya kulazwa tukaizoea. Ya bibi hailazwi, haina hata muda wa kusinzia.

Nilipomaliza cha pili akanijazia cha tatu bila kuuliza, kisha akanitazama kichwani, nina mvi hapa pembeni za muda tu, akasema:

"Umeshazeeka mume wangu. Sasa ndio unafaa kupewa hii. Enzi zetu kijana anaonjeshwa kwa kidole."

Yaani neno lile lile. Tangu Jumanne linanichoma, pale nimelipokea kama cheti. Nilicheka hadi kikombe kikamwagika, bibi akacheka nadhani kwa kuona nacheka.

Nikasahau asali. Nikamwambia anijazie wanzuki kwenye chupa, akajaza mpaka shingoni akaziba kwa gunzi la muhindi, akaligonga na kiganja. Nikaiviringisha kwenye sweta, ndani ya begi, juu ya insha. Mwalimu mzima.

Jumapili kwenye kosta, jua kali, tumebanana, hatujafika hata nusu ya njia, nikasikia PUU pajani. Mama wa mbele yangu kapiga kelele tairi! Dereva kapunguza. Konda kaja ananusa, "mwalimu umebeba nini?" Na gari zima linanukia asali, mtoto mmoja anauliza mama nani kaleta keki. Gunzi hatujaliona mpaka leo. Mwalimu wa kemia kanieleza leo ofisini, anacheka hadi anashika meza, chachu ilikuwa bado inakula sukari, inatoa hewa, nami nimeifungia ndani kwenye joto, ingekuwa chupa mbovu ingepasuka kabisa. Insha 43 za "mgeni njoo, mwenyeji apone" zikalowa, wino umetembea, nyingine zimegandana kurasa nabandua kwa kisu cha mkate. Na asali sikuleta, ndio maana ya kununa.

Leo jioni nikapita tena Isevya. Nilijiapiza sitauliza. Nilikaa dakika mbili.

"Dada, Jumanne nilipokuulizia ile bia, ulisema imeisha au ulisema wameisha?"

Akaacha kufuta meza. Akafikiria kwa heshima kabisa, binti mzuri.

"Sikumbuki baba. Labda nilisema zimeisha."

ZI. Siku sita nazunguka na I na WA, ngeli yenyewe ni I-ZI, bia zimeisha, umoja na wingi, kidato cha kwanza wanajua. Nikaagiza Balimi.

"Ya moto au ya baridi?"

"Ya moto."

Haikuwa mbaya. Sijasema imefika, nimesema haikuwa mbaya, na bibi kasema akipika tena atampigia shemeji.

Sasa kilichobaki ni huu mwembe. Ule upepo wa bati haukuishia kwenye bati, leo asubuhi nimeona tawi kubwa la upande wa jirani lina ufa, naweza kuingiza vidole viwili, na chini yake ndio chumba wanacholala watoto wake. Nimemwambia mwenye msumeno kasema atakuja Alhamisi. Sasa hivi nje kumeanza kuvuma tena.