Alama ya % kwenye skripti za Vim: inafanya kazi wapi, inagoma wapi

Kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, `%` ni jina la faili lililo mbele yako, na `#` ni la faili ulilotoka. Hilo wengi wanalijua. Kinachowasumbua ni kwamba `:!python3 %` inakubali, lakini `:echo %` inarudisha kosa la E15 (usemi batili).

Sababu ni kwamba Vim huibadilisha `%` kuwa jina la faili pale tu amri inapotarajia jina la faili, kama `:w`, `:e` na `:!`. Amri zinazokokotoa, mfano `:echo`, `:let` na `:if`, huiona `%` kama alama ya hesabu ya kutafuta baki. Huko lazima uandike `expand('%')`.

Ukitaka sehemu fulani tu ya jina, unaongeza viambishi kama `:p` baada ya `%`. Tuseme uko kwenye folda `/home/kazi` na umefungua `ripoti/mauzo.csv.bak`:

```
%:p    /home/kazi/ripoti/mauzo.csv.bak
%:h    ripoti
%:t    mauzo.csv.bak
%:r    ripoti/mauzo.csv
%:e    bak
%:e:e  csv.bak
```

`:r` hukata kiendelezi kimoja tu kila mara. Ukitaka kubaki na `mauzo` peke yake, andika `%:t:r:r`. Na `:p` ikiwepo, itangulie zote. Kwa folda kamili ni `%:p:h`, wala si kinyume chake.

Nafasi ndani ya jina ndiyo inayoharibu skripti nyingi. Faili likiitwa `hesabu ya mwezi.py`, `:!python3 %` huipa sheli (programu inayoendesha amri za mfumo) vipande vitatu, na Python inalalamika kwamba haioni faili `hesabu`. Andika `:!python3 %:p:S`. Hiyo `:S` huzungushia jina alama za kunukuu, na inakaa mwisho kabisa. Ukitumia `system()`, fanksheni ya Vim inayoendesha amri ya sheli, kazi hiyohiyo inafanywa na `shellescape(expand('%:p'))`. Binafsi naona `:S` ingefaa kufundishwa siku ileile mtu anapofundishwa `%`.

Bafa (maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Vim) isiyo na jina la faili nayo ina yake. `:!cat %` italeta kosa la E499 (jina la faili ni tupu), ila `expand('%')` hurudisha maandishi yasiyo na herufi hata moja bila kelele yoyote, na skripti inaendelea mbele na njia ya faili iliyokatika. Pima kwanza kwa `empty(expand('%'))`.

Mtego wa mwisho ni `<sfile>`, yaani jina la faili la skripti inayoendeshwa yenyewe. Ukiiita ndani ya fanksheni ya kawaida, haikupi njia ya faili, inakupa mfululizo wa fanksheni zilizoitana. Ihifadhi juu kabisa ya skripti, nje ya fanksheni zote:

```
let s:folda = expand('<sfile>:p:h')
```

Kisha ndani ya fanksheni tumia `s:folda`. Njia ambayo haimo kwenye `%` wala `#`, mfano iliyo kwenye kigeu, ipitishe `fnamemodify(njia, ':t:r')`; viambishi ni vilevile.