Nilivyoituliza pumu yangu nilipoelewa kinachovimba

Katika ushauri wote niliowahi kupewa kuhusu pumu, ulioniponza zaidi ni ule wa kwamba anayevuta dawa ya kuzuia kila siku huyazoesha mapafu uvivu. Niliusadiki. Baada ya wiki tatu bila kukohoa niliiacha dawa hiyo yenye steroidi, yaani kemikali inayotuliza uvimbe, nikabaki na salbutamoli peke yake, nayo ikanihadaa kwa sababu ilinifungua kifua ndani ya dakika chache tu. Kumbe hulegeza misuli inayozunguka njia za hewa, na uvimbe ulio ndani ya kuta zake huuacha ukiendelea. Haukupita muda nikawa naamka usiku wa manane, nimeketi ukingoni mwa kitanda, viganja magotini, nikishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Niliandika kila nilichokigusa na saa niliyobanwa, na siku moja nilipofagia stoo saa nane mchana nilibanwa papo hapo, nikavuta dawa, nikapata nafuu; ilipofika saa mbili usiku kifua kikabana upya, ilhali nilikuwa nimekaa mbali na vumbi jioni nzima. Daktari alipousoma ukurasa ule alinieleza kwamba wimbi la kwanza hutoka kwa seli za masti, seli za kinga zilizo katika njia za hewa, ambazo kingamwili za IgE (protini za kinga) zilizozishikilia zikikutana na kizio, yaani kitu kinachoamsha mzio, kama kile cha utitiri wa vumbi, humwaga histamini na lukotrieni, kemikali zinazobana njia za hewa, kwa dakika chache. Wimbi la pili huja saa kadhaa baadaye, pale eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, zinapokusanyika, zikiitwa na kudumishwa hai na interlukini-5, molekuli inayopeleka ujumbe kati ya seli, huku interlukini-13 ikichochea ute, yale makohozi mazito yanayonata ambayo nilikuwa nayatema alfajiri. Si kila pumu hufuata njia hii, kwani zipo ambazo neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, ndizo hutawala, lakini vipimo vya damu vilionyesha kwamba yangu ni ya eosinofili.

Steroidi ya kuvuta hupunguza utengenezaji wa molekuli hizo zinazoita seli, kazi isiyokamilika kwa siku moja. Nilirudi kuivuta asubuhi na jioni, nikisukutua mdomo kila mara ili kuepuka fangasi, na takriban wiki mbili baadaye nililala hadi kulipokucha.