Kutoka Katumba hadi Nyanza-Lac

Baba alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, wala hakurudi tena hadi alipofariki. Sisi wanawe tulizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa karibu na Mpanda mwaka 1973, tukalelewa kwa simulizi moja: kwamba jeshi la Micombero, rais wa Burundi wakati huo, lilikuja na malori, likawazoa wanaume, na kaka yake baba, yaani baba yetu mkubwa, akawa miongoni mwao. Kila nilipouliza alichukuliwa siku gani na akiwa wapi, baba alinyamaza na mama akanituma maji.

Baada ya arobaini ya baba niliamua kwenda kwa shangazi, ambaye hakukimbia kwa kuwa alikuwa ameolewa huko. Nilipanda basi la Mpanda hadi Kigoma, kisha nikapandisha vilima hadi mpakani Manyovu, nikaingia Burundi na pasipoti ya Tanzania, mimi nikiwa mmoja wa wale zaidi ya 160,000, wakimbizi wa 1972 na watoto wao, waliopewa uraia. Kutoka Mugina, upande wa Burundi wa mpaka, barabara inapita Mabanda na kuteremka hadi Nyanza-Lac, kwenye joto la Ziwa Tanganyika na michikichi kila upande.

Shangazi nilimkuta uani akichambua chikichi. Aliukanyaga mkungu kwa unyayo, akaupasua kwa shoka dogo, akawa anazichomoa chikichi kati ya miiba bila kuutazama mkono wake, na wakati wote huo alikuwa akizungumza.

"Mwanangu, kaka yetu hakupakiwa lori. Mwisho wa mwezi wa nne alitoka usiku na wenzake, wana mapanga."

Uasi wa Wahutu wa tarehe 29 Aprili 1972 ulianzia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, na waasi waliwaua Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa kujiunga nao. Kisasi cha serikali kilienea nchi nzima kwa miezi kadhaa, kikawalenga hasa Wahutu waliosoma, na waliouawa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Mizani ya maovu hayo mawili hailingani, na sitaki msomaji yeyote adhani kwamba nayalinganisha. Lakini nyumbani kwetu hilo la kwanza halikuwahi kutajwa.

Halikutajwa pia jambo jingine. Jirani yao alikuwa mama wa Kitutsi, na mumewe aliuawa wiki ile ile na kundi alilokuwemo baba mkubwa. Askari walipoanza msako, mama huyo alimficha baba yangu katika ghala lake la mihogo mikavu, kisha usiku akamwonyesha njia ya kuelekea Tanzania. Nilimuuliza shangazi kama mama yule alijua baba ni mdogo wa nani.

"Alijua. Alisema huyu hajaua mtu."

Baba mkubwa aliuawa na askari milimani, na kaburi lake halijulikani. Mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 huko Karusi, karibu na mto Ruvubu, shangazi alizisikia habari hizo redioni lakini hakuthubutu kwenda kumtaja kaka yake, kwa maana angelazimika kueleza yote mawili.

Namwelewa baba. Katumba ya utotoni mwangu isingempokea mtu mwenye kisa kama hicho. Hata hivyo naumia, kwa sababu tumekua tukiwachukia watu ambao bila mama yao tusingezaliwa.

Mama yule ameshafariki. Mwanawe ndiye anayelima shamba alilokuwa ameliacha baba, shamba lile lile ambalo ndugu zangu wamekuwa wakitaka tulidai. Niliporudi Mpanda niliwakusanya, nikawasimulia yote bila kuficha. Kaka yangu hajakubali hata sasa, na anasema shangazi amezeeka. Dada yangu ameomba twende naye kiangazi kijacho, na shauri la shamba tumeliweka kando mpaka tutakapoketi na mwana wa mama yule na kumsikiliza.